Alikuwa anachoma sindano na bado kashika mimba: inawezekana, na wala hadanganyi

"We si ulikuwa unachoma sindano, sasa hiyo mimba imetoka wapi?" Karibu kila mwanamke aliyeshika mimba akiwa kwenye uzazi wa mpango ameulizwa hivi, na mara nyingi anayeuliza hata jibu hataki, keshajijibu zamani: anadanganya, alikuwa hachomi, au kategesha. Kama ana mume anaambiwa mzembe, kama hana anaitwa majina, na akiwa binti wa chuo ndo usiseme kabisa. Cha ajabu mtu huyohuyo miezi miwili nyuma angegundua huyo dada anachoma sindano angesema malaya huyo, anajizuia nini na hajaolewa.

Sasa humu ndani kuna mambo kadhaa yamekorogwa pamoja, kuna hesabu, kuna dawa, kuna huduma za zahanati, alafu kuna roho za watu, na usipoyatenganisha utaishia kumlaumu mtu ambaye alifanya kila alichoambiwa afanye.

Tuanze na hesabu maana ndo watu wengi wanapokosea. Ukiacha kutofanya kabisa, hakuna njia ya asilimia 100. Na kila njia ina namba mbili, moja ni ya mtu anayeitumia bila kukosea hata siku moja, nyingine ni ya watu wa kawaida wenye kazi, watoto, safari na kusahau. Vidonge vya majira ukimeza kila siku bila kuruka, kati ya wanawake 100 kwa mwaka mzima hata mmoja hafiki anayeshika mimba, ni 0.3. Lakini kwa matumizi ya kawaida, kwa takwimu za Marekani ambazo ndo zinanukuliwa sana duniani, wanafika 7. Sindano ya miezi mitatu ni 0.2 kwa asiyekosea na 4 kwa matumizi ya kawaida. Kondomu ya kiume 2 na 13. Kumwaga nje 4 na 20, na hapo ndo utakuta mwanaume anajisifia kwamba yeye anajua kujizuia. Vijiti na vitanzi ndo namba zake mbili zinakaribiana sana, kijiti ni kama 0.1 na kitanzi cha shaba hakifiki 1, na sababu haina ufundi wowote, ukishawekewa hakuna cha kukumbuka.

Asiyetumia chochote ni 85 kati ya 100, kwaiyo hakuna anayesema njia hazifanyi kazi. Zinafanya kazi sana tu. Ila mtu akisikia 4 kati ya 100 anaona ni kitu kidogo, na kweli ni kidogo, kwa mwaka mmoja. Mwanamke anaweza kukaa kwenye uzazi wa mpango miaka 10, 15, 20. Ukiichukua hiyo 4 ukaizungusha miaka 10 unapata karibu theluthi ya wanawake watakuwa wameshika mimba walau mara moja, na ile 7 ya vidonge inakupeleka kwenye nusu. Hiyo ni hesabu ya karatasi, kiuhalisia inashuka maana umri unapanda na wanaosahausahau wanakuwa wameshatoka kwenye kundi mapema, lakini hata ukiipunguza bado ni watu wengi. Mtaa wenye wanawake 200 wanaochoma sindano, mwaka ukiisha utategemea mimba kama 8 hivi. Na wote wanane wataambiwa waongo.

Alafu kuna kitu kinanichanganya kichwa kila nikikisoma. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliounganisha dodoso za kitaifa za nchi 43, nyingi za kwetu Afrika na Asia, wakaona sindano inafeli kwa kama 1.7 kati ya 100 kwa mwaka, na kondomu 5.4. Yaani chini kuliko Marekani. Sasa je, sisi ni makini kuliko Wamarekani? Inawezekana sehemu fulani. Lakini watafiti wenyewe wanasema ugumu upo kwenye dodoso: mwanamke anaulizwa na mgeni amekaa barazani kwake, mama mkwe yuko jikoni anasikia, eti wakati unashika mimba hii ulikuwa unatumia njia gani? Wengine wanasema nilikuwa nimeacha, ili mambo yaishe. Na mimba zilizotolewa kimyakimya haziingii kabisa kwenye zile karatasi. Kwaiyo ile aibu tunayowapa wanawake inafanya namba zionekane ndogo, alafu namba zikionekana ndogo tunasema si unaona, huwa haifeli, huyu kadanganya tu. Mduara umefungwa hapo na kutoka ni shida.

Haya, inafelije hasa. Chukua sindano maana ndo maarufu. Kadi yako imeandikwa kurudi tarehe 14 Machi. Unaamka asubuhi, unapanda bodaboda, unakaa kwenye benchi mpaka saa tano, unaambiwa sindano zimeisha, jaribu wiki ijayo. Wiki ijayo mvua zimeanza, kuna shamba, kuna mtoto anaumwa, kuna msiba Korogwe, ukirudi ni Mei. Nesi anaangalia kadi anasema umechelewa sana, kwa nini huwi makini? Hapo aliyefeli ni nani? Kwenye kadi limeandikwa jina lako, stoo ya dawa haina kadi. Shirika la Afya Duniani linaruhusu Depo, yaani hiyo sindano ya miezi mitatu, ichomwe hata ukiwa umechelewa mpaka wiki 4 bila masharti ya ziada, lakini wapo wanaorudishwa nyumbani kwa kuchelewa siku tano tu, waje wakiwa kwenye siku zao, na hizo wiki za kusubiri siku zao ndo mimba inaingia.

Kuna na ile ya mwanzoni. Ukichoma sindano au kuweka kijiti ndani ya siku 7 tangu hedhi ianze, unakuwa salama papo hapo (vijiti vya Jadelle na sindano ndo hivyo, kwa kijiti kimoja cha Implanon ni siku 5). Nje ya hapo unatakiwa utumie kondomu siku 7. Hii ya kondomu siku 7 wengi hawaambiwi, au wanaambiwa katikati ya kelele za foleni, mtu anarudi nyumbani akijua keshafunga mlango kumbe funguo bado haijazungushwa. Wengine wanawekewa kijiti tayari wana ujauzito wa siku chache tu ambao hakuna kipimo kingeuona. Miezi mitatu baadae tumbo linaonekana, wanasema kijiti kimefeli, mume anasema kijiti hakifeli, wewe kuna mahali.

Dawa nyingine nazo zinaingilia, na hapa ndo pana uonevu mkubwa kuliko pote kwa maoni yangu. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti kutoka magharibi mwa Kenya uliofuatilia zaidi ya wanawake 24,000 wanaoishi na VVU. Waliokuwa na vijiti na wakati huohuo wanameza efavirenz, moja ya dawa za kufubaza VVU, walishika mimba kama mara tatu ya wale waliokuwa na vijiti na wanatumia nevirapine, nayo ya VVU, kama 3.3 dhidi ya 1.1 kati ya 100 kwa mwaka. Efavirenz inalifanya ini lichome homoni ya kijiti haraka, kiwango kwenye damu kinashuka, yai linatoka. Huyo mwanamke kijiti kiko mkononi, akikigusa anakisikia, dawa zake anameza kila siku kama alivyofundishwa, utii wote wa dunia anao, na bado anashika mimba, alafu anakutana na mtu kliniki anamuuliza "na hali yako hiyo bado unataka kuzaa?" Ushauri wa kitaalamu haukuwa kuwanyima vijiti, maana hata kikiwa kimepungua nguvu bado kilikuwa kinashinda vidonge, ushauri ulikuwa waambiwe ukweli wachague. Saivi wengi wamehamishiwa dolutegravir ambayo haina huo ugomvi na vijiti, lakini waliozaa kabla ya hapo wameshabeba lawama zao.

Rifampisini ya kifua kikuu inafanya hivyohivyo kwa vidonge na vijiti, na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini. Ila zile antibayotiki za kawaida, amoksilini na wenzake, hazina shida, hiyo ni stori tu ya mtaani, labda zikuharishe au zikutapishe sana mpaka kidonge kisikae. Kwaiyo ukiandikiwa dawa za TB, mwambie anayekupa kwamba una kijiti. Yeye ndo alitakiwa akuulize lakini usimsubiri.

P2, vile vidonge vya dharura vya kumeza baada ya kukutana bila kinga, navyo vinaeleweka vibaya mno. P2 inachelewesha yai kutoka, basi, haifanyi kingine cha maana. Kama yai lilishatoka jana haikusaidii, ndo maana inatakiwa mapema, ndani ya masaa 72 na inaweza kusogea mpaka siku 5 lakini nguvu inapungua kila siku. Kwa mwenye mwili mkubwa inaweza kuwa dhaifu zaidi. Na kwa sababu inalisogeza yai mbele badala ya kulifuta, ukimeza Jumapili alafu Alhamisi mkakutana tena bila kinga, unaweza ukawa umejipeleka mwenyewe kwenye siku ambayo yai ndo linatoka. Haitoi mimba, kama imeshatunga imetunga, wala haimdhuru mtoto. Muuza famasi akikupa kwa kukubinyia jicho bila maelezo hata ya dakika moja, na wewe ukaona aibu kuuliza mbele ya foleni, hayo yote utayajua saa ngapi?

Kunyonyesha kunazuia kweli, chini ya 2 kati ya 100, lakini masharti matatu yawepo kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Bibi akianza kumpa kauji mwezi wa nne, kinga imeanza kuondoka. Kondomu na mafuta ya mgando au ya nazi havipatani, mpira unalegea ndani ya dakika chache. Kuhesabu siku kunataka mzunguko usiyobadilika, na mbegu za kiume zinaweza kukaa hai siku 5 zikisubiri, hapo tu hesabu ya wengi inakuwa imeshaharibika.

Kuna wanaotumia kwa kujificha, na hawa ni wengi kuliko tunavyodhani. Mume hataki, au anasema akitumia atakuwa na wanaume. Kijiti kinapapaswa kwenye mkono kitajulikana, vidonge vinafichwa kwenye debe la unga na siku mume akishinda nyumbani haviguswi, ndo maana sindano inapendwa, haina ushahidi. Vidonge vile vya wanaonyonyesha ukichelewa zaidi ya masaa 3 tu tayari ni tatizo. Huyu akishika mimba hana hata pa kulalamika, maana akisema ilifeli atakuwa amekiri kwamba alikuwa anatumia.

Wasichana wana yao. Akienda kuomba njia anaambiwa wewe hujazaa utaharibu kizazi, nenda kaolewe kwanza. Ukweli ni kwamba kizazi hakiharibiki, ila sindano inachelewa kidogo kuachia, tangu ya mwisho inaweza kuchukua miezi 9 au 10 hivi mtu kushika mimba, njia nyingine zinaachia mapema tu. Anarudi mikono mitupu, anashika mimba, na kwa miaka mingi hapa Tanzania shule ilikuwa imeishia hapo. Juni 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba akiwa rais, aliyezaa hatarudi shule ya serikali, na ilibaki hivyo mpaka Novemba 2021 serikali ilipofungua mlango. Huyohuyo Septemba 2018 akiwa Meatu alisema wanaopanga uzazi ni wavivu wa kulisha watoto, na mwezi huo matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa redioni na kwenye TV. Yaweke haya pamoja uone: usipange, na ukizaa ukiwa shuleni usirudi. Dodoso la kitaifa la 2022 linaonesha wasichana 22 kati ya 100 wa miaka 15 mpaka 19 wameshawahi kushika mimba.

Na hizi mimba zisizopangwa siyo za wahuni wachache jamani. Duniani kote karibu nusu ya mimba zote hazikupangwa, kama milioni 121 kila mwaka, Umoja wa Mataifa uliitoa hiyo mwaka 2022 na wamo wake za watu, wamo walokole, wamo kina mama wa watoto wanne waliodhani wamemaliza.

Kategesha. Hili neno nalo tuliguse. Wapo wanaotegesha, sikatai, binadamu wana mambo. Lakini angalia linavyotumika, mwanaume hakuvaa kondomu, hakuuliza, hakujua hata njia gani inatumika, alafu mimba ikiingia yeye ndo ametegwa kama kware. Kama anabisha kwamba siyo yake, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali DNA inapimwa na Sheria ya Mtoto ya 2009 inatoa utaratibu wa mahakama na ustawi wa jamii. Wanaopiga kelele mtaani kwamba wamebambikiwa ni wengi, wanaokwenda kupima sijui.

Huku mwanamke hajapumzika. Kliniki ya kwanza anaambiwa aje na mwenza, ambayo nia yake ni nzuri, wote wapime VVU. Kama mwenza kakimbia, anaenda kuomba barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Hebu fikiria hapo tu, dada wa miaka 23 amesimama mlangoni kwa mzee anayemfahamu tangu mtoto, kuna vijana wanacheza bao pembeni, anatakiwa aeleze kwa sauti kwamba mwanaume hayupo ili apewe karatasi yenye muhuri ya kumruhusu kupimwa wingi wa damu. Wengine ndo hapo wanaahirisha kliniki mpaka mwezi wa sita, wengine wanamwomba dereva wa bodaboda ajifanye mume. Alafu takwimu zikitoka tunashangaa kina mama wanachelewa kuanza kliniki.

Wengine hawafiki kliniki kabisa. Kanuni ya Adhabu inampa anayetoa mimba mpaka miaka 14 na mwanamke mwenyewe mpaka miaka 7, isipokuwa pale inapofanyika kuokoa maisha yake. Pamoja na sheria hiyo, makadirio ya watafiti kwa mwaka 2013 yalikuwa mimba kama 405,000 zilizotolewa Tanzania, na zaidi ya wanawake 66,000 walitibiwa hospitali kwa madhara yake. Wengi zaidi wenye madhara hawakutibiwa kabisa. Ndugu zangu, matibabu baada ya mimba kuharibika ni huduma halali, iwe imetoka yenyewe au vinginevyo, ukiwa unatoka damu nyingi, una homa au uchafu unanuka, nenda. Mwenye kutoka damu anatibiwa.

Na kwa aliye kwenye hali hii saivi. Ukichelewa siku zako, pima mkojo, kama hujui tarehe zako subiri siku 21 tangu mkutane mara ya mwisho ndo jibu la "hamna" uliamini. Ukikuta ipo na ulikuwa kwenye vidonge, acha kumeza, hakuna ushahidi kwamba vitamlemaza mtoto, na hivyohivyo kwa sindano na kijiti, kijiti kinatolewa tu. Kitanzi ndo usikichelewe, nenda wiki hiyohiyo, maana kikibaki ndani kinaongeza hatari ya mimba kutoka na maambukizi, na mimba inayoshika mtu akiwa na kitanzi ina uwezekano mkubwa kuliko kawaida wa kuwa imetunga nje ya kizazi. Maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, kizunguzungu, au maumivu ya bega bila sababu, hapo siyo wiki hiyo, ni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama nauli ya kukopa. Ukifika wape tarehe ya hedhi ya mwisho, njia uliyokuwa unatumia na dawa zote unazomeza. Wakianza na lile swali la ilikuwaje ukashika mimba, waambie njia ilifeli, waandike hivyohivyo kwenye faili.